Daudi Kambini kwa Wafilisti

Kila nikiulizwa kama ni haki nyota kujiunga na timu iliyomshinda ili naye apate kombe, mimi huanza na Daudi. Sisemi Daudi wa kombeo na mawe matano. Nasema Daudi wa sura ya 27 ya Samweli wa Kwanza, ambaye wahubiri wetu humruka. Mtu aliyemuua Goliathi wa Gathi anabisha hodi Gathi kwenyewe, wanaume 600 wako nyuma yake, anaomba hifadhi kwa mfalme Akishi. Anapewa mji wa Siklagi na kukaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne.

Nilipofundisha somo hilo kwa vijana wa kanisa letu la Marafiki (Friends) hapa Sirisia, mmoja alisimama akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, Daudi ni kama Chama?" Vijana wetu wanaijua ligi ya Tanzania kwenye simu zao pengine kuliko ya hapa nyumbani. Clatous Chama, Mzambia, alitwaa ubingwa na Simba mara tatu, 2019 hadi 2021. Yanga nao wakautwaa misimu mitatu iliyofuata, 2022 hadi 2024. Mkataba wake na Simba ulipokwisha mwaka huo wa 2024, akavuka kwenda Yanga, na 2025 akawa bingwa tena. Mashabiki wa Simba walilia kama waliofiwa.

Nilimjibu kwamba Daudi alikuwa akikimbia mkuki wa Sauli. Maandiko hayamlaumu kwa kwenda. Ugumu unakuja sura ya 29, vita vilipokaribia, Wafilisti walipokusanyika Afeki na Daudi akiandamana nao kwenda kupigana na Israeli. Wakuu wa Wafilisti wakamkataa, wakamwambia Akishi amrudishe alikotoka. Mimi naamini Mungu aliwatumia wale wakuu kumwokoa mtumishi wake na jambo baya kuliko kufa. Kuishi kwa jirani hakukuwa dhambi. Ila kusimama uwanjani ukiwashinda ndugu zako kwa nguvu ya wale uliokuwa ukiwapinga jana, hapo ndipo moyo wa mtu unapopasuka.

Sasa, watu wengi wanaishia kwenye usaliti: uliwaacha wako, basi wewe msaliti. Mimi naona hasira hiyo mara nyingi humwangukia asiyestahili. Agosti 2003, kwenye mashindano ya dunia kule Paris, Stephen Cherono, kijana wa Bonde la Ufa, alikimbia mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa jina la Saif Saaeed Shaheen, akiwa na bendera ya Qatar kifuani. Kaka yake, Abraham Cherono, alikuwa katika mbio hizo hizo akiwakilisha Kenya. Tangu 1991 dhahabu hiyo ya dunia haikuwa imetoka mikononi mwetu. Shaheen akaichukua, akimtangulia Ezekiel Kemboi kwa chini ya sekunde moja. Kuanzia hapa hadi Kitale watu walimlaani. Lakini tazama alichofanya. Alibadilisha bendera, akabadilisha na jina, jambo linalonihuzunisha hadi leo. Mpinzani hakumbadilisha. Wakenya wenyewe, wakimbiaji hodari kuliko wote duniani katika mbio zile, walikuwa mbele yake na pembeni yake, na ilimbidi awashinde kwa miguu yake.

Mlinganishe na Kevin Durant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mwaka 2016 timu yake, Oklahoma City, iliongoza 3-1 dhidi ya Golden State katika fainali ya kanda ya magharibi, kisha ikapoteza michezo mitatu mfululizo. Kiangazi hicho hicho akaenda kujiunga na Golden State, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 msimu ule. Akapata ubingwa wa 2017 na wa 2018, na mara zote mbili akatajwa mchezaji bora wa fainali. Hakuvunja sheria yoyote, wala hakubadilisha uraia. Mtu aliyekuwa amemzuia asivuke, hakumvuka; alikwenda akakaa upande wake. Katika mchujo wa 2017 timu hiyo ilicheza michezo 17 ikapoteza mmoja.

Sisi Marafiki, tangu wamishonari wetu walipofika Kaimosi 1902, tunafundishwa kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Niliishi na fundisho hilo miaka mingi kabla ya kuona kwamba halimruki aliyevaa jezi nyingine. Beki anayekunyima nafasi dakika tisini anakutendea jambo ambalo mwenzako wa timu hawezi kukutendea: anakuonyesha ulivyo kweli. Ndiyo maana kwangu swali si "umemwacha nani?" bali "nani amebaki wa kukukataa?" Anayehamia kwa waliomshinda kwa sababu amechoka kushindwa amemwondoa mpinzani huyo maishani mwake, na hilo ni jambo la kujibu mbele za Mungu hata kama hakuna refa wa kuliona.

Hayo nimeyaona kwa karibu. Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya upili huku kwetu, na mwaka mmoja timu yangu ilitolewa na shule kubwa ya bweni kutoka upande wa Trans Nzoia. Kabla muhula mpya kufunguliwa, shule hiyo ilikuwa imewafuata wachezaji wangu wawili. Wa kwanza, mwenye mguu wa kushoto usiokosea, alilelewa na nyanya yake anayeuza sukuma wiki sokoni. Alinikuta stoo jioni nikijaza mipira upepo, akashika pampu, akanisaidia kimya kimya hadi mpira wa mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, wamesema karo watalipa yote. Kukhu hawezi tena." Nilimwambia aende, nikaomba naye palepale kati ya nyavu na koni. Yule alikuwa Daudi mbele ya mkuki.

Wa pili alikuwa beki wetu wa kati, na kwao karo haikuwa tatizo. Nilimuuliza sababu. "Nimechoka kufungwa nao, mwalimu." Sikumzuia, maana mtoto ni wa wazazi wake, lakini baraka aliyoiomba sikumpa. Alikwenda, akapata medali, akafurahi, na hakuna baya lililompata. Bado naona alikosea. Waliobaki walikuwa wenzake wa tohara ya Agosti, bakoki zake, waliosimama naye uchi alfajiri kwenye baridi. Na ile shule kubwa? Mashindano ya mwaka uliofuata walikuwa wakifunga sita bila jibu, kocha wao akitazama saa. Nao tuliwanyima kitu, kwa kuwapa kila kitu.

Huku kwetu tuna mfano wa namna nyingine. Elijah Masinde wa Kimilili, kabla ya kuitwa nabii, alikuwa mwanasoka aliyevaa jezi ya Kenya katika Kombe la Gossage. Naye alihama: alikuwa muumini wa kanisa hili langu, akaliacha, akaanzisha Dini ya Msambwa. Mafundisho yake mengi siyakubali, na wazee wetu waliumizwa na kuondoka kwake. Lakini hakuhamia kwa wenye nguvu. Serikali ya mkoloni ilimfunga, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare, ikamhamishia Lamu. Na Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi. Alipohama alijipatia mpinzani mkubwa zaidi, na kwa hilo namheshimu.

Juma lililopita mama mmoja kutoka upande wa Lwakhakha alinijia baada ya ibada. Binti yake, mshambuliaji, anatakiwa na shule iliyowatoa muhula uliopita. Alitaka niseme ndiyo au hapana. Nilimuuliza kwanza kama anadaiwa karo. Akasema hadaiwi. Nikamuuliza kama shule aliyopo inamfundisha vizuri darasani. Akasema inamfundisha. Basi nikamwomba amwache binti amalize mwaka mmoja zaidi hapo alipo, wakutane tena na wale wasichana uwanjani, ndipo aje tuzungumze.