Mmechukua Jiwe la Kusagia Rehani

Enyi wenye makampuni, na ninyi mawakili mnaowaandikia barua: mnamwandama mtu aliyekwisha kuagana nanyi. Alirudisha sare na kitambulisho, mkampa mkono. Alipopata kazi kwa mshindani wenu, kwa mshahara wenye nafuu kidogo, mkafungua faili mkachomoa kifungu cha kutoshindana alichosaini siku ya kwanza, siku ambayo hakuwa na ubavu wa kubishana hata juu ya saa ya kuingia kazini. Sasa mnamtaka akae nje ya kazi yake miaka miwili. Atakula nini? Hilo halimo katika barua yenu.

Torati ilimkataza mdai kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana alichukuaye amechukua uhai wa watu wa nyumba ile. Mfanyakazi hana jiwe jingine ila ujuzi wake, na sehemu kubwa ya ujuzi huo alikuja nao kwenu. Ninyi mnauita mali ya kampuni.

Tazameni yaliyotendeka Michigan, Marekani. Kampuni ya Prudential Security iliwasainisha walinzi wake, watu wa mshahara unaokaribia kima cha chini, kwamba wakiondoka wasilinde kwa mshindani yeyote ndani ya maili 100 kwa miaka miwili, na atakayekiuka alipe dola 100,000. Maili 100 ni kama Nairobi hadi Nakuru. Siri gani ya biashara anayoijua mlinzi wa geti? Anajua kufungua lango, kuandika namba ya gari kwenye daftari, na kukesha. Mwaka 2019 mahakama ya jimbo ilisema masharti hayo hayana uhalali. Kampuni ikaendelea kuwasainisha watu, hadi Januari 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipoishukia.

Hapo ndipo uovu huu unapovuliwa nguo. Anayesainisha watu kifungu kilichokwisha kutupwa na mahakama hatafuti haki, anatafuta woga. Mlinzi hajui kesi iliamuliwaje. Anajua dola 100,000. Basi anabaki, na kwa kuwa anabaki, hakuna wa kumwongezea mshahara.

Wala msiniambie hayo ni ya Wamarekani. Kenya inayo sheria ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, inayoipa Mahakama Kuu uwezo wa kukibatilisha kifungu kama hicho isipokiona cha haki, ikipima aina ya kazi, muda na eneo. Sheria ni njema. Lakini msusi wa saluni ataifikaje Mahakama Kuu? Atamlipa wakili kwa fedha ipi, na kazi mmemnyima? Mnalijua hilo vizuri mnapoandika kwamba zuio ni la nchi nzima.

Mwaka 1414, huko Uingereza, mtia rangi vitambaa aitwaye John Dyer alidaiwa mahakamani kwa kuwa alijifunga kutofanya kazi yake mjini kwa nusu mwaka. Jaji Hull alighadhibika hata akaapa kwa jina la Mungu kwamba mdai angekuwapo pale angewekwa gerezani mpaka amlipe mfalme faini. Miezi sita ilimpandisha jaji hasira. Ninyi mnaandika ishirini na minne na mikono yenu haitetemeki.

Aliyebeba orodha ya wateja wenu kwenye flashi, mshtakini kwa alichobeba, sitamtetea. Lakini aliyeondoka na mikono yake na akili yake hakuiba kitu. California imevikatalia nguvu vifungu hivi tangu 1872, na haikufa njaa. Ni huko ambako mwaka 1957 wahandisi wanane walimwacha bosi wao, William Shockley, wakaanzisha kampuni ya Fairchild, na mwaka 1968 wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaiacha Fairchild wakaanzisha Intel. Mngekuwa ninyi, mngewafungia nyumbani wote wanane.

Na vipimo vyenu ni vya namna gani? Mkimchoka ninyi, mnampa notisi ya mwezi mmoja na cheti cha utumishi, basi. Akiwachoka yeye, mnadai miaka miwili. Qurani ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, wale wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao. Isomeni kabla ya kusaini barua nyingine.

Ujerumani, mwajiri anayemzuia mtu baada ya ajira lazima amlipe angalau nusu ya ujira wake wa mwisho kwa muda wote wa zuio, na zuio lenyewe halivuki miaka miwili. Kama siri zenu zina thamani mnayoitaja mbele ya mahakimu, fanyeni hivyo: mlipeni kila mwezi, akae. Kama hamko tayari kutoa hata nusu, barua iondoeni leo, na mwajiri wake mpya mwandikieni kwamba hamna madai juu ya mtu huyu, kabla hajaingiwa na hofu akamwachisha kazi.