Mgeni na Mteja

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akilipia chakula chake, je, ugeni wake hukoma?

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni huujia kutoka pande zote. Ichukuliwe jamaa moja ya baba, mama na watoto, iliyoweka akiba ili iuone. Huketi katika mkahawa utazamao bahari. Pilau huletwa imepoa, haina harufu ya iliki wala mdalasini. Pweza ni mgumu kama ngozi. Bei ni ya karamu. Uchochoroni, mama lishe hupakua wali wa moto kwa wachukuzi kwa fedha kidogo.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi, George Akerlof, alionyesha kuwa mnunuzi asipoweza kupambanua kizuri na kibaya, kibaya hufukuza kizuri sokoni. Mchukuzi hupambanua kwa kuwa hula hapo kila siku. Mpita njia hana nafasi hiyo. Huenda ikasemwa kuwa mtalii aliiona bei akaikubali. Bei aliiona, chakula hakukiona. Alitoa fedha kwa kuamini.

Hapo ndipo uadilifu hupimwa. Kumtendea wema atakayerudi kwaweza kuwa biashara tu. Kumtendea wema asiyerudi ni utu. Jamaa ile hupoteza mlo mmoja, na mwenyeji hupata faida ya siku moja. Methali haikusema mwenyeji atajirike, ilisema apone.