Rafiki wa Baba na Jirani wa Karibu

Mstari wa 10 wa sura ya 27 ya Mithali una mambo matatu, na la katikati huwa gumu kumeza. Kwanza unamwonya msomaji asimtupe rafiki yake wala rafiki wa baba yake. Kisha unamkataza kukimbilia kwa ndugu siku ya balaa. Mwisho unampa jirani aliye karibu nafasi ya juu kuliko ndugu aliye mbali.

Hilo la mwisho Waswahili wanalo tangu zamani: fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini kuambiwa usiende kwa ndugu? Tena kitabu hichohicho, katika sura ya 17, kimeshasema kwamba ndugu huzaliwa kwa ajili ya siku za taabu.

Mahali mstari ulipo panasaidia kuuelewa. Sura ya 25 inafungua mkusanyo wa mithali za Sulemani zilizonakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, mwishoni mwa karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika kizazi hicho Waashuru waliuteka mji wa Samaria, yapata mwaka 722, wakawahamishia watu wake nchi za mbali. Kwa wasomaji wa wakati huo, ndugu aliye mbali hakuwa mfano wa kubuni. Huenda wengi walikuwa na jamaa ambao wasingewaona tena.

Hata hivyo, anayetaka kuuona mstari huu ukitembea kwa miguu na amfuate mfalme Daudi katika Samweli wa Pili. Absalomu, mwanawe wa kumzaa, anatangazwa mfalme huko Hebroni, katika nchi ya kabila lao la Yuda. Jemadari wa waasi ni Amasa, mpwa wa Daudi. Mzee anatoka Yerusalemu akilia, miguu mitupu, anavuka Yordani hadi Mahanaimu. Siku hiyo angekwenda kwa ndugu gani?

Wanaompokea ni watu watatu wa ng'ambo ya mto, nao hawaji mikono mitupu. Wanaleta vitanda na vyungu, ngano, shayiri na unga, maharage na dengu, asali, siagi, kondoo na jibini, kwa kuwa wamefikiri kwamba watu hawa wana njaa, wamechoka na wana kiu huko nyikani. Hapakuwa na hotuba. Walipiga hesabu ya mahitaji ya mkimbizi, wakayabeba.

Ni akina nani hao? Mmoja ni Makiri wa Lo-debari. Miaka ya nyuma, nyumbani kwake ndiko alikokuwa akiishi Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili. Yonathani alikuwa rafiki wa Daudi wa kufa na kuzikana, na baada ya kifo chake Daudi aliuliza kama kuna aliyesalia wa ukoo ule, akamtoa kijana kwa Makiri, akamrudishia mashamba ya babu yake Sauli na kumketisha mezani pake. Wa pili ni Shobi, mwana wa Nahashi wa Raba, mji wa Waamoni. Nahashi alikuwa amemtendea Daudi wema. Mwana mwingine wa Nahashi, Hanuni, aliwadhalilisha wajumbe wa Daudi waliokuja kumpa pole ya msiba wa baba yake, akawanyoa nusu ya ndevu, na vita vikazuka. Baba mmoja, wana wawili: mmoja alimtupa rafiki wa baba, mwingine akamletea chakula.

Wa tatu ni Barzilai Mgileadi, tajiri wa miaka 80. Vita vilipokwisha Daudi alimwalika waende kuishi Yerusalemu, naye akakataa kwa unyofu: umri umekwenda, hasikii tena ladha ya chakula, aachwe afe karibu na kaburi la wazazi wake. Akamtoa mtu wake aitwaye Kimhamu aende badala yake. Daudi akiwa kitandani pa kufia alimwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai na kuwapa nafasi mezani. Hivyo Sulemani, ambaye mithali hizi zinabeba jina lake, aliagizwa na baba mwenyewe awatunze wana wa rafiki wa baba.

Kwa hiyo jirani wa siku ya balaa hakuokotwa njiani. Biblia haisemi wazi kwamba Makiri alikuja kwa sababu ya Mefiboshethi, lakini aliuona kwa macho yake uaminifu wa Daudi kwa marehemu asiyeweza kulipa.

Na ndugu je? Misiba ya mijini inajibu vizuri. Mtu akifariki usiku Mbagala, Dar es Salaam, simu hupigwa kijijini, lakini kabla basi la ndugu halijatoka stendi, majirani wameshafunga turubai, wameazima viti, akina mama wameinjika masufuria, na mmoja ameketi na daftari la rambirambi. Ndugu wakifika wanashika nafasi yao, nayo haigombaniwi: mazishi, mirathi, malezi ya watoto. Jirani ameyabeba yale yasiyoweza kusubiri. Hapo sura ya 17 na ya 27 hazipingani, kila moja ina saa yake. Ila watu wa mtaa wanajua ni nani hufika misibani kwa wenzake na nani hupita na gari vioo vimefungwa, na siku yake ikifika, hilo huonekana katika idadi ya waliokuja kukesha.