Kipanga hana sheria. Na mtu je?

Nani asiyependa hadithi za wanyama? Lakini ziko zinazotatanisha. Mwenye nguvu anamla mnyonge, anashiba, anakwenda zake. Hadithi ya namna hiyo yafundisha nini? Je, nguvu ndiyo haki?

Tuwaulize Wagiriki wa kale. Hadithi yao ya wanyama iliyo ya zamani kupita zote tunazozijua imo katika utenzi wa Hesiod, mkulima aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo. Huyu aligombana na ndugu yake Perses kwa ajili ya urithi wa baba yao, na wakubwa waliokata mashauri walikuwa walaji wa rushwa. Basi akawatolea wakubwa hao mfano. Kipanga alimkamata ndege mdogo mwimbaji, akapaa naye hata mawinguni. Mdogo akalia. Kipanga akamwambia kwamba kilio chake ni bure: aliyemshika ndiye atakayeamua kumla au kumwachilia, na anayeshindana na mwenye nguvu ni mjinga.

Mfano umekwisha, mwokozi hakuja. Lakini Hesiod alimgeukia Perses akamweleza maana: samaki, wanyama na ndege hulana kwa kuwa hawana haki kati yao, bali wanadamu wamepewa haki na Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki. Kumbe kipanga hakuwekwa pale ili tumfuate. Amewekwa ili tuone ni nani tunayefanana naye tukimdhulumu mtu.

Sasa sikilizeni nyingine, mojawapo ya zile zinazoitwa za Aesop. Huyo, kama alivyoandika Herodotus, alikuwa mtumwa katika kisiwa cha Samos. Mbwa-mwitu alimkuta mwana-kondoo akinywa mtoni, akamshtaki kwamba anamchafulia maji. Akajibiwa: mimi niko chini, wewe uko juu, nitakuchafuliaje? Akasema: mwaka jana ulimtukana baba yangu. Akajibiwa: mwaka jana nilikuwa sijazaliwa. Mbwa-mwitu akasema: hata ukiwa hodari wa kujitetea, nitakula tu. Akamla.

Kipanga hakutafuta sababu yoyote. Mbwa-mwitu alitafuta mbili. Kwa nini, naye ana meno? Kwa sababu mbwa-mwitu huyo ni mtu. Mtu mdhalimu naye anajua moyoni kwamba nguvu peke yake haitoshi. Ndiyo maana anayenyang'anya shamba la mjane hutafuta kwanza mashahidi na karatasi. Uwongo wake wenyewe wakiri kwamba haki iko.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapojiona unakusanya sababu nyingi za kumnyima mnyonge kilicho chake, na kila moja ikijibiwa unaleta nyingine, simama kidogo. Utazame mto, ujiulize umesimama upande gani: juu, au chini?