Boma la Mjerumani, tulitunze?
Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao Gitega, wakajenga boma. Vijana wananiuliza: kwa nini tutunze jengo la watawala, na sisi hapa hatuna hata bati la kuezekea? Swali ni la haki. Lakini Mjerumani alitoa amri tu. Waliobeba mawe ni babu zetu. Ukilibomoa, unafuta jasho lao, na kosa la mtawala linabaki bila shahidi.

Sisi tuliotoka Muyinga tukavuka Kobero tunajua: asiye na alama, habari zake husimuliwa na wengine.

Anayelala nje aangaliwe kwanza, sawa. Basi jumba la zamani likiachwa tupu, lisifungwe kufuli. Watu waingie, wasomee humo. Nyumba hutunzwa na wanaoikaa.