Aliyesema "Sawa" Ameona Nini?

Katika baadhi ya steshenari za mjini mteja hupewa kioo chake. Mwenye duka hukaa nyuma ya kompyuta ya mezani yenye kioo kikali cha 4K, na kioo cha pili, mara nyingi kikuukuu, hugeuzwa kumwelekea mteja ili ahakiki kazi kabla haijachapwa. Mzee aliyetoka Lingeka kuja Bariadi mjini kuchapisha kadi za mchango wa harusi ya mwanawe huinama, hutazama, huulizwa "Iko sawa, mzee?" naye hujibu "Sawa." Likishatamkwa neno hilo, karatasi huingia kwenye printa, na kosa lolote litakaloonekana baadaye ni lake. Lakini amekubali nini hasa, ikiwa yeye na mwenye duka hawakuwa wakitazama picha moja? Kwa maoni yangu ridhaa ya mtu haivuki mpaka wa kile alichoonyeshwa. Ikiwa ndivyo, kuoanisha vioo viwili ni deni alilonalo anayeshika kipanya kwa yule asiyekishika, na halipaswi kuachwa liwe suala la ufundi tu.

Tuanze na vioo vyenyewe. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 8. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina robo kamili ya hizo, na kile cha zamani cha 1366 kwa 768 kina kama milioni moja tu. Kompyuta ikiagizwa kunakili picha ileile kwenye vioo viwili vya namna hii, lazima picha ibanwe kwenye kimoja au inyooshwe kwenye kingine. Baina ya 4K na 1920 hesabu ni safi: nukta nne za kikubwa kwa moja ya kidogo. Baina ya 4K na 1366 hesabu inabaki na mabaki, kwa kuwa kila nukta ya kioo kidogo inadai nukta 2.8 za kikubwa kwa upana, na nukta haikatiki. Kompyuta hutatua tatizo hilo kwa kuchanganya rangi za nukta jirani, na kingo za herufi zinafifia. Kinachopotea kwanza ni kidogo kuliko vyote: ritifaa katika jina la Ng'hoboko, tundu la ndani ya tarakimu 6, pengo linalotofautisha 3 na 8. Ikitumika televisheni badala ya monita, mara nyingine hukata hata ukingo wa picha, na mstari wa chini wa kadi hautokei kabisa. Mstari huo wa chini ndio wenye namba ya simu ya kupokelea michango. Tarakimu moja ikikosewa hapo na isionekane, fedha za shangazi na za majirani zinaingia kwenye simu ya mtu asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 13 kwamba watu huhesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa na habari za monita, lakini wamegusa kiini cha swali letu. Mafakihi wa Kiislamu waliligusa mapema zaidi. Katika madhehebu ya Hanafi, aliyenunua kitu kabla ya kukiona ana hiari ya kukirudisha atakapokiona. Kwa Washafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, kauli mashuhuri haikubali kabisa biashara ya kitu kisichoonekana, kwa sababu ya gharari, yaani hatari ya kutojua unachonunua, iliyomo. Madhehebu hayo yanatofautiana katika dawa, si katika ugonjwa. Yote mawili yanachukulia kwamba kuona ni sehemu ya kukubali. Na katika duka letu hali ni nzito zaidi, kwa kuwa asiyeona anajua kwamba haoni, ila mzee wetu anaamini ameona.

Atatokea wa kusema kwamba kioo ni cha kuonjesha tu, na kazi halisi ni karatasi, ambayo printa huijaza nukta 300 au zaidi katika kila inchi, ukali ambao kioo cha duka hakiufikii. Ni kweli. Ila basi mteja aonyeshwe karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapwa kadi 200. Kioo cha pili kiliwekwa mezani ili gharama ya karatasi hiyo iepukwe. Kimechukua kazi yake, na wajibu wake pia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna watu wawili wanaoona sawasawa. Mzee ana mtoto wa jicho, kijana macho yake ni makali. Je, mwenye duka ajibu na hilo? Hapana. Udhaifu wa jicho ni wa mwenye jicho, na mwenye nao huujua: atasogeza uso, atamwita mjukuu amsomee. Ufifi ulioletwa na mipangilio ya kompyuta mzee haujui, na mjukuu akiitwa atasoma ufifi uleule. Tofauti ya maadili iko hapo, kwa kuwa huo wa pili uko mikononi mwa mtu mwingine, tena hauhitaji zaidi ya mibofyo michache kuondoka.

Na kuuondoa hakumaanishi kuvipa vioo vyote idadi moja ya nukta. Hili ndilo kosa la wengi wenye nia njema: wanadhani haki ni kukishusha kikubwa hadi kwa kidogo, au kukilazimisha kidogo kibebe kisichokiweza. Monita za kisasa zimekuwa zikijitambulisha kwa kompyuta tangu utaratibu uitwao EDID ulipotolewa mwaka 1994: kupitia waya uleule wa picha, monita hutaja rezolusheni yake ya asili, yaani idadi ya nukta zake, na kompyuta husikiliza. Kiunganishi kibovu kikikatiza utambulisho huo, kompyuta hukisia, na kwa kawaida hukisia chini. Kwa hiyo kwanza kila kioo kipewe rezolusheni yake yenyewe. Kisha badala ya kunakili, skrini ipanuliwe, na ukuzaji uwekwe asilimia 200 kwenye kile cha 4K na 100 kwenye kile cha 1920. Vioo vikiwa na inchi sawa, herufi zitatoka na kimo kilekile pande zote mbili. Nukta zitabaki tofauti mara nne, lakini 3 itasomeka 3 kwa wote wawili, na hukumu watakayoitoa juu ya namba ile itakuwa moja.

Kwamba duka la Bariadi haliwezi kununua vioo viwili vya 4K si hoja hapa. Kioo cha 1366 kikiachwa katika 1366 yake, na kadi ikikuzwa hadi mstari wa namba ujaze upana wote, kinatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye duka, kabla ya kuuliza kama iko sawa, azunguke meza na kutazama kadi kutoka upande wa mzee.