Kabla ya Kumnoa Ndugu Yako

Somo: Mithali 27:17, Mathayo 7:1-5, Wagalatia 6:1



Wengi wetu tunalipenda lile andiko la chuma kunoa chuma, hasa siku tunayotaka kumwambia mtu ukweli. Lakini hebu tujiulize: ni nani aliye na haki ya kumnoa mwenzake? Na je, kila anayekwaruza ananoa?

Niwashuhudie. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja katika ushirika wetu alichelewa kurudisha pesa za kikundi. Nilisimama nikamkemea mbele ya wote, na maandiko juu yake. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Jumapili iliyofuata hakuja, na hakurudi tena. Nikajiambia, "Ukweli unauma," nikalala vizuri kabisa.

Sasa sikizeni. Marehemu baba yangu alikuwa kinyozi siku za wembe wa kukunja, kabla ya mashine za umeme kuenea. Aliniachia wembe wake na kinoo chake, jiwe la manjano lililobandikwa juu ya jiwe jeusi. Mawe ya aina hiyo hutoka milima ya Ardennes kule Ubelgiji. Ndani yake mna chembe ndogo sana za madini magumu yaitwayo ganeti, na hizo ndizo zinazokula chuma.

Nikaunoa ule wembe nilivyojua mimi, yaani kwa nguvu. Nilipojinyoa, ulinikwaruza hadi damu. Nikampelekea mzee mmoja, rafiki ya baba, naye kinyozi. Wembe hakuugusa. Aliomba jiwe.

Alichora mistari ya penseli juu ya jiwe, kisha akalisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Mistari ya pembeni ikafutika upesi, ya katikati ikabaki vile vile. "Unaona, mwanangu? Jiwe lina shimo. Limenoa wengine miaka mingi, lenyewe halijasawazishwa. Ukinolea hapa, sehemu moja ya makali inaliwa, nyingine haiguswi." Akasugua mpaka mstari wa mwisho ukaisha.

Hapo ndipo akachukua wembe. Alilowesha jiwe, akalisugua kwa kijiwe kidogo mpaka ukatoka uji kama maziwa. Akaulaza wembe, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe, akauteleza bila kukandamiza. Kwenye uji, jiwe hukata upesi. Kisha akaongeza maji tone kwa tone mpaka uji ukaisha. Jiwe ni lile lile, lakini sasa lilikata polepole, likawa linalainisha. Mwisho akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Wapendwa, nilitoka pale nimehubiriwa.

Kwanza, jiwe husawazishwa kabla ya wembe kuguswa. Ndiyo boriti aliyoisema Yesu. Mtu atauliza, "Basi tusubiri mpaka tuwe wakamilifu?" La. Hakuna jiwe linalobaki sawa milele. Kila ukinoa, nalo linalika. Hiyo si sababu ya kuacha kunoa, ni sababu ya kurudi kwenye msasa. Tena wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wewe unayekosoa wengine, ni nani anayekukosoa wewe ukakubali?

Pili, maji. Kuna wakati wa uji mzito. Nathani hakumficha Daudi dhambi yake. Lakini hata yeye alianza na kisa cha mwana-kondoo wa maskini, tena hakumwacha Daudi bila neno la msamaha. Ukianza na ukali, usimalizie hapo. Endelea kuongeza maji.

Tatu, laza wembe wote. Ukiinua mgongo ukasugua makali tu, unayaharibu. Mimi niliona deni la yule kijana, sikumwona kijana.

Maana hatimaye nilimtafuta. Kumbe mwezi ule alikuwa akilipa bili ya hospitali ya mama yake. Hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwomba msamaha. Alinikaribisha chai, tukaongea vizuri. Lakini kanisani bado hajarudi.

Kunoa ni kupunguza, jamani. Chuma kikishasagwa hakirudi kwenye wembe. Kwa hivyo swali la wiki hii si kama ulichosema kilikuwa kweli. Swali ni, baada ya wewe kumgusa, yule ndugu amekuwa mkali zaidi kwa kazi ya Bwana, au amekuwa mwembamba tu?

Kabla ya Jumapili ijayo, mtafute mtu mmoja uliyemkwaruza. Usiende na andiko, nenda na sikio.

Tuombe: Bwana, nisawazishe mimi kwanza. Uniweke maji kinywani, unifundishe mkono mwepesi. Na yule niliyemjeruhi, umrudishe nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.